Miezi mitatu nangani Songo Songo: jibu kwa mpishi wa Mikindani

SWALI: "Shikamoo nahodha. Mimi ni binti wa miaka 26, mpishi katika nyumba ya wageni hapa Mikindani. Kuna mume na mke, Wafaransa, watu wazima, boti yao ya tanga ya mita 12 imetia nanga hapa ghubani tangu mwezi wa pili. Wanataka niende nao visiwa vya Songo Songo kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, niwapikie na kuwasaidia kazi za chomboni. Muda mwingi boti itakuwa imetia nanga tu, haisafiri. Mshahara ni mzuri. Mama hataki hata kusikia. Anasema kusi haina huruma, tena mwaka ule wa kimbunga tulikimbizwa majumbani, na yeye hamtoi mwanawe akalale katikati ya maji na watu asiowajua. Maisha ya humo yakoje hasa? Niende?"

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama kwenye neno moja dogo: "tu". Umeandika kwamba boti itakuwa imetia nanga tu. Naanzia hapo.

Chombo kikiwa safarini watu wake wako macho. Mmoja yuko kwenye usukani, mwingine anatazama tanga, kila mtu anajua yuko kazini. Chombo kikishatia nanga, watu hupika, hufua, husoma vitabu, hulala mchana, na chini yao bahari inaendelea na mambo yake yaleyale: maji yanajaa na kukupwa, mkondo unageuka, upepo unahama. Mimi nimeingia baharini nina miaka 14, kwanza kwenye jahazi la mjomba wangu tukibeba chumvi na korosho, kisha miaka 19 kwenye boti za tanga za wageni kati ya Mikindani, Kilwa na Mafia. Mara nne nimeogopa kweli baharini. Tatu kati ya hizo tulikuwa nangani.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, ila kwa masharti nitakayokutajia, na usiende kama mpishi tu.

Kwanza mama yako. Usimbishie, kwa sababu ana hoja, ila anachanganya vitu viwili. Kimbunga alichokikimbia ni Kenneth, cha tarehe 25 Aprili 2019, ambacho mwishowe kiliingia nchi kavu ng'ambo, Cabo Delgado, Msumbiji. Hidaya kilitufikia Mei 2024. Wazee wa Lindi nao wana habari za kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga mji wao. Itazame hiyo miezi. Vimbunga vya upande wetu wa bahari hutoka kwenye majira ya joto, Novemba hadi Aprili, mara chache vikachelewa hadi Mei. Juni, Julai na Agosti si miezi yake. Hilo mwambie mama kwa uhakika.

Kusi ni jambo jingine, na hapo mama hajakosea. Katika miezi hiyo mitatu itavuma kutoka kusini mashariki siku tano, siku saba mfululizo, noti 15 hadi 20 (noti ni maili ya bahari kwa saa), na ikikaza hupita 25. Haiji kwa kukuvizia kama dhoruba, ila nayo haichoki. Utalala nayo na kuamka nayo, kamba zikipiga mlingoti usiku kucha. Kinachokulinda ni kisiwa chenyewe: wakati wa kusi chombo hukaa upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa, kisiwa kikawa ukuta. Kisiwa kidogo chenye miti michache kinazuia mawimbi lakini upepo hakizuii, na mawimbi yenyewe hukizunguka kisiwa na kukujia kwa ubavu. Ndiyo maana kuna usiku boti itayumba kama kitanda cha kamba kilichokatika mguu, wakati bahari mbele yako unaiona shwari.

Kuna swali moja kuhusu kusi ambalo wewe na mama yako mnapaswa kuwauliza hao Wafaransa kabla ya jingine lolote: mmepanga kurudi vipi? Kutoka Mikindani hadi Kilwa, ambako ndiko viliko visiwa vya Songo Songo, ni kama maili 90 za bahari, na mnapokwenda kila kitu kiko upande wenu. Kusi inasukuma tezi, yaani nyuma ya chombo, na mkondo wa bahari yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, tena wakati wa kusi ndio unakwenda kwa nguvu zaidi. Mtafika bila jasho. Kurudi mwisho wa Agosti ni kupiga bisho dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja. Nimeifanya mara mbili. Mara ya pili tulikwenda siku nzima, na jioni tukawa tunautazama mnazi uleule tuliouona asubuhi. Nahodha anayeijua pwani hii atakwambia atasubiri Oktoba au Novemba, upepo ukilegea, au atapanda zake Mafia na Unguja. Vyovyote vile, wewe usirudi kwa bahari. Waandike kabisa kwamba mwisho wa kazi watakushusha Kilwa Masoko na kukulipia nauli. Kutoka hapo ni basi, Lindi, kisha nyumbani, siku ileile.

Sasa nanga. Najua unakwenda kupika, lakini nakuomba ulielewe hili kama unavyolielewa jiko lako. Nanga yenyewe ni ndogo ukilinganisha na chombo. Kinachoshika ni nanga pamoja na mnyororo uliolala chini, kwa sababu mnyororo mrefu huivuta nanga kwa ulalo nayo ikazidi kuzama mchangani. Mnyororo mfupi huinyanyua. Kanuni ya kawaida kwa mnyororo ni mara tano ya kina, na kosa la wageni wengi liko kwenye hicho kina. Wenzetu waliozoea bahari ambazo maji yake hayapandi hupima walipo, wakaridhika. Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Chukua mfano: mmefika maji yamekupwa, kina ni mita 5. Ongeza mita 3.5 za maji yatakayojaa, ongeza mita 1.2 ya kimo cha omo, yaani mbele ya chombo, kutoka majini. Umepata 9.7. Mara tano ni karibu mita 50 za mnyororo. Aliyepima mita 5 na kumwaga 25 atalala vizuri hadi saa sita usiku. Na aliyefika maji yamejaa akatia nanga penye mita 4 atapwelewa, asubuhi mkuku, ule uti wa chini ya boti, uko juu ya matumbawe na boti imelala ubavu.

Siku ya kwanza mwombe nahodha wako akuruhusu ufanye jambo hili. Nenda omo, piga magoti, weka kiganja juu ya mnyororo pale unapotoka kwenda majini, bila kuukaza mkono. Nanga ikiwa imeshika, utausikia mnyororo unakazika taratibu, unalegea taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Chombo kikiwa kinaburura nanga, mnyororo unatetemeka. Mtetemo huo ni wa kukwaruza, unaruka na kusita, unaruka na kusita, unaupanda mkono hadi kwenye kiwiko, kwa sababu kule chini nanga inagonga mwamba na kuteleza. Ukishausikia mara moja hutausahau. Simu na mashine za kisasa hupiga kengele chombo kikihama, nami nazipenda, lakini kiganja hakihitaji betri.

Mchana shika alama mbili zilizo kwenye mstari mmoja nchi kavu, mnazi mrefu na paa la msikiti, kwa mfano, au mnara wa taa na jiwe. Kila ukitoka kumwaga maji ya vyombo, tupa jicho. Boti huzunguka kwenye mnyororo wake, kwa hiyo mstari utavunjika na kurudi, hiyo ni kawaida. Mstari ukivunjika na usirudi, ita.

Hapo kwenye kuita ndipo nilipokosea mimi, na nataka unisikilize vizuri.

Nilikuwa na miaka kama thelathini, baharia wa kuajiriwa kwenye boti ya mgeni mmoja, mtu mpole, mwenye vyombo vya kila aina vya kupimia bahari. Julai, tumetia nanga Fanjove, kimoja cha visiwa hivyohivyo vya Songo Songo, jioni nzuri kabisa. Akapita mzee kwenye ngalawa, akapunguza tanga, akaniambia: "Kijana, hapo mlipo mchanga ni wa juujuu, chini ni mwamba mtupu. Kusi ikikaza usiku hamkai. Sogeeni kule." Akanyoosha mkono, akaenda zake. Mgeni alikuwa ndani anakunywa chai. Nikajisemea, huyu ana ramani, ana mashine inayoonyesha hadi sakafu ya bahari, mimi nani nikamwambie? Na ilikuwa karibu na magharibi, kunyanyua nanga ni kazi. Nikanyamaza.

Saa nane usiku niliamshwa na ngurumo ndani ya mbao za kitanda. Mtetemo ule niliokueleza, uliopanda hadi kwenye boti nzima. Nilipotoka juu, mwamba ulikuwa nyuma yetu, unaonekana kwa weupe wa povu, na maji yalikuwa yanakupwa. Mgeni aliwasha injini, mimi nikavuta mnyororo kwa mikono kwa sababu mashine ya kuuvuta ilikataa. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye mnyororo. Usukani uligusa matumbawe mara mbili, nikausikia mguso huo kwenye meno. Tulitoka. Hakuna aliyeumia.

Asubuhi aliniuliza: yule mzee wa jana alisema nini? Nikamweleza. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kuanzia leo niambie kila kitu wanachosema, hata unachodhani nakijua. Nikafanya hivyo miaka yote iliyofuata. Lakini usiku ule kosa lilikuwa langu, wala sijawahi kumtupia mwingine.

Wewe utakuwa mtu pekee chomboni anayekijua Kiswahili cha wavuvi. Watapita asubuhi wakienda na jioni wakirudi, watakwambia mahali pa mkondo, siku ya upepo, fungu la mchanga lililohama tangu masika. Hakuna ramani iliyo na habari hizo. Ukiyameza maneno yao kwa aibu au kwa heshima iliyozidi, utakuwa umewanyima wenzako kitu ambacho fedha zao hazinunui. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, mwambie nahodha wazi: nikisikia jambo la bahari nitakuja kukwambia, hata usiku, hata ukiwa umelala. Mtazame usoni anapojibu. Akicheka, usiende.

Tuingie jikoni. Humo jikoni mwako ndimo mna hatari ambayo watu wa nchi kavu hawaijui: gesi. Nyumbani mtungi ukivuja, gesi hutoka mlangoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, na boti ni bakuli. Ikivuja hushuka hadi ngamani, chini ya mbao unazokanyaga, ikakusanyika pale bila kuonekana, ikingoja cheche ya pampu au ya swichi. Boti hulipuka kwa njia hiyo. Mtungi lazima ukae kwenye sanduku lake la nje lenye tundu la kumwagia gesi baharini, sio chini ya meza. Ukimaliza kupika, funga kwanza kule kwenye mtungi moto ukiwa bado unawaka, uache umalizie gesi iliyo kwenye mpira, ukizimika wenyewe ndipo ufunge jiko. Fanya hivyo kila mara, hata kama ni chai ya kikombe kimoja. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote, usiwashe injini: funga mtungi, fungua madirisha yote, tokeni nje, hewa ipite muda mrefu. Na waulize mapema kama vichwa vya mitungi yao vinaoana na mitungi ya kwetu. Mara nyingi havioani, na gesi ikiwaishia Songo Songo mtapikia mkaa ufukweni.

Maji ya kunywa ni hesabu. Visiwa vile ni vya matumbawe, maji ya visima vyake yana chumvi, na wenyeji wenyewe wanayahitaji. Hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika tu. Watu watatu ni lita 15. Tangi la lita 400 linakupa siku 26 bila kuoga wala kufua. Watakwambia wana mashine ya kuondoa chumvi. Mashine ni nzuri, ila inakula umeme na huharibika. Weka hesabu zako kana kwamba haipo, na madumu mawili ya lita 20 yafungwe pembeni yasiguswe, hayo ni ya siku mbaya. Vyombo vioshe kwa maji ya bahari na sabuni, kisha suuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Viazi na mayai chemsha kwa maji ya bahari yaliyotekwa nje kwenye kilindi, sio ufukweni karibu na watu. Wali, kikombe kimoja cha maji ya bahari kwa vinne vya maji baridi, na chumvi usiongeze. Kuoga ni baharini, mwisho unajimwagia kopo moja la maji baridi kuondoa chumvi, hasa kwenye mikunjo ya mwili. Chumvi ikikaa pale na jasho, baada ya wiki utakuwa na vidonda visivyopona.

Katika chakula, mtu wa Mtwara ana bahati. Wageni hujaza makopo. Wewe chukua makopa, mbaazi, choroko, kunde, ng'onda iliyokauka vizuri, korosho, mchele, unga, nazi nzima zisizovunjwa. Ndimu, kila moja uifunge kwa karatasi, hukaa wiki nyingi. Vitunguu, malenge na viazi vinapenda hewa, vining'inize kwenye wavu, mbali na kila mmoja. Mayai yasioshwe, na uyageuze kila baada ya siku chache. Chemsha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, mpe mama awape hao Wafaransa kabla hamjaondoka, wakiipenda utakuwa umepata wapenzi wa mapishi yako yote. Maboksi ya dukani yaache gatini, usiingize hata moja: mende hutaga kwenye mikunjo ya karatasi ngumu, na mende aliyeingia kwenye boti hatoki.

Samaki hutanunua mara nyingi, wataletwa. Usinunue samaki wachanga, wala kasa, wala mayai yake, hata kwa bei ya bure. Kasa analindwa na sheria, na visiwa vile ni mahali pa kutagia. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, usimguse kabisa, sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mtu akimkanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au samaki mwingine wa miba, atajua mwenyewe. Dawa ya kwanza ni maji ya moto kadiri mguu unavyoweza kuvumilia bila kuungua, mguu ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu, na wewe mwenye jiko ndiye wa kuyachemsha. Kisha aliyechomwa apelekwe zahanati, kwa kuwa mwiba unaweza kubaki ndani.

Kichefuchefu kitakukamata siku mbili au tatu za mwanzo, nacho kitaisha. Tangawizi, biskuti kavu, na kukaa juu ukitazama upeo wa bahari. Siku hizo pika chakula cha sufuria moja tu.

Umeme ni wa sola. Jokofu ndilo linalokula betri kuliko vyote, kwa hiyo lifungue mara chache na ukijua unachotafuta. Taka za plastiki zote mtarudi nazo bara, hakuna hata mfuko mmoja wa kutupwa majini. Na kila usiku hakikisha taa nyeupe ya juu ya mlingoti inawaka. Ndugu zetu wanatembea na ngalawa gizani bila taa, na boti yenu ikiwa giza watu watakufa kwa kuigonga.

Mkifika kisiwa chenye watu, shukeni siku hiyohiyo, mwende kwa mwenyekiti wa kijiji na watu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe, mjitambulishe, muonyeshe vibali. Wewe vaa kanga zako kama unavyokwenda kwa shangazi, na huyo mama mgeni mfunge moja. Kutia nanga mbele ya kijiji bila kubisha hodi ni sawa na kuegesha gari kwenye uwanja wa mtu. Waulizeni ni wapi pasipotiwa nanga. Baadhi ya vijiji vya pwani hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na nanga yenu haina ruhusa ya kuwa pale. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na mnyororo wa boti ya mita 12 hulisaga usiku mmoja. Tafuteni mchanga. Nahodha aingie maeneo yale kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa juu au mgongoni kwake, wewe ukiwa omo ukimwelekeza: buluu iliyokolea ni kina, kijani cha maziwa ni mchanga, kahawia ni mwamba. Kisha kuna bomba la gesi linalopita chini ya bahari kutoka Songo Songo hadi Somanga Fungu, ambalo linapitisha gesi tangu mwaka 2004. Limo kwenye ramani zao. Nanga haitupwi karibu na njia hiyo kwa hali yoyote.

Siku ya bamvua, maji yakikupwa hadi mbali, omba ruhusa ya saa mbili ushuke na akina mama wa kisiwani wanaokwenda mwambani na fimbo zao kutafuta pweza. Nakwambia hili kwa sababu miezi mitatu na watu wawili wa lugha nyingine ni mirefu, na upweke nangani ni jambo la kweli. Unasikika zaidi alasiri, kazi zimekwisha, upepo unavuma tu. Nimeona mabaharia wenye nguvu wakiacha kazi nzuri kwa ajili yake. Kushuka nchi kavu angalau mara mbili kwa wiki, kusalimiana na watu kwa lugha yako, kuandikwe kwenye mkataba kama haki, usiwe unaomba.

Mkataba huo uwe wa maandishi, kwa lugha mbili. Mshahara na tarehe yake, siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa za kulala, chumba chako mwenyewe chenye komeo la ndani, hela ya matibabu, na ile nauli ya kutoka Kilwa. Nakala moja ibaki kwa mama pamoja na jina la boti, namba yake ya usajili na nakala za pasi zao. Watu waungwana hawakasiriki kuombwa hivyo. Waulize pia kama karatasi zao za forodha na uhamiaji ni halali hadi Agosti, kwa sababu wakikamatwa wao na wewe utakuwa umo ndani.

Jambo la mwisho la lazima ni redio. Siku ya kwanza, kabla ya kupika hata chai, nahodha akufundishe kuitumia ile ya VHF, redio ya mawasiliano ya baharini: kuiwasha, chaneli 16 ya dharura, bonyeza ukisema, achia ukisikiliza. Ujue kusema "Mayday", wito wa kuomba msaada, mara tatu, jina la boti, mahali mlipo, kilichotokea, watu wangapi. Yaandike kwa Kiswahili na Kiingereza, yabandike pembeni ya redio. Wale ni wazee. Nahodha akianguka kwa moyo usiku, mkewe akachanganyikiwa, atakayebaki na akili ni wewe. Jaketi okozi lako liwe la kimo chako, ulivae ukiwa kwenye kiboti kidogo na kila unapotoka nje usiku. Na kama hujui kuogelea, una wiki kadhaa za kujifunza hapo ghubani maji yakijaa.

Mwambie mama sijaidharau hofu yake. Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, nitakuwa gatini Mikindani natengeneza tanga. Njoo naye. Nitawapeleka kwa mtumbwi hadi kwenye boti niliyo nayo, tutakwenda omo, na nitamwomba aweke kiganja chake juu ya mnyororo.